Mkwe Wangu Hakuwa na Breki

Nimeanguka na baiskeli mara nne maishani mwangu, na mara zote nne niliangushwa na adabu. Wajukuu wangu wakiniona nachechemea hudhani ni uzee, nami huwaacha wadhani hivyo, maana kueleza kunachosha na wao hawana subira. Leo nina subira ya kutosha, na karibu wote waliohusika wameshazikwa, kwa hiyo naweza kusema bila kutozwa faini ya kuku.

Aliyenifundisha kuendesha ni mjomba wangu, kule Iringa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla sijaenda kusomea ukunga. Alikuwa tarishi wa barua, mtu mwembamba mwenye vigimbi vigumu kama mpini wa jembe. Wanawake hawakupanda baiskeli wakati ule. Shangazi yangu alisema tandiko litaniharibu kizazi. Mjomba akamjibu kwamba yeye shangazi hajawahi kupanda baiskeli hata siku moja na mtoto hana vilevile, basi atafute kitu kingine cha kulaumu. Hawakusemezana mpaka mavuno.

Mjomba hakuogopa malori. Lori, alisema, lina kelele, tena lina dereva anayeogopa kufukuzwa kazi. Hakuogopa mbwa wala fisi. Hakuwaogopa hata walevi wa ulanzi, waliotoka vilabuni na vibuyu kwenye keria wakiimba, kwa sababu hao, alisema, huanguka kabla hawajakufikia. Aliowaogopa ni watu wazima wenye heshima zao. Mhehe hawezi kumpita mtu njiani hivi hivi. Lazima aseme kamwene, aitikiwe, kisha aulize habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na za yule mgonjwa wa mwaka jana. Kwa mtembea kwa miguu hilo ni jambo jema. Kwa mtu anayeteremka kutoka mjini kuelekea Ruaha Mdogo, shingo imegeukia nyuma akisubiri kuambiwa kama mgonjwa alipona, ni jambo jingine. Tena akikutana na mkubwa wake huvua kofia, na akiwa amelelewa vizuri sana huivua kwa mikono miwili. Hao waliolelewa vizuri sana ndio waliojaza hospitali.

"Usimtazame mtu usoni," mjomba aliniambia. "Uso ni wa salamu. Wewe tazama gurudumu lake la mbele. Likiinama upande wako, shuka, hata kama mwenyewe anacheka na anakuita mwanangu."

Aliniambia pia nijihesabu kuwa mimi peke yangu ndiye mzima barabarani, na wengine wote wametoroka wodini. Nilimcheka. Wiki ile ile nilikutana na mwinjilisti mmoja akipanda kilima, mimi nateremka polepole nimebana breki zote mbili. Alinitambua, akavua kofia, akageuza kichwa kuuliza hali ya mama. Gurudumu lake likainama likaja kwangu. Nililiona vizuri kabisa, lakini nami nilikuwa nimelelewa, nikasita kushuka kabla sijamjibu mtu wa Mungu. Tulilala chini wote wawili, spoku zimeshikana, naye pale pale chini, mchanga mdomoni, akaendelea kuuliza kama mama bado anasumbuliwa na mgongo. Nikamwambia wa mama umepona, ila wangu ndio umeanza.

Hiyo ndiyo ya kwanza. Tatu zilizobaki ni za Mbeya.

Niliolewa huko. Mume wangu alikuwa dereva wa lori lililopita Iringa mara mbili kwa mwezi, Mnyakyusa, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kuimba na kasoro moja: hakunieleza chochote. Kwao walihama kutoka upande wa Rungwe kabla yeye hajazaliwa, kwa ugomvi wa ng'ombe ambao kila mtu aliueleza kivyake, wakapata mashamba karibu na Mbalizi. Siku ya tatu baada ya kufika kwao nilikuwa nafagia uwanja niliposikia kelele kama ya bati linaloburutwa. Mume wangu akasema huyo ni baba anarudi kutoka mjini, akaingia ndani kutafuta shati. Mimi nikafanya kile ambacho binti wa Kihehe hufanya. Nikaenda mpaka njiani, nikapiga magoti, nikainamisha uso karibu uguse vumbi, nikasema kamwene, baba.

Hakuna aliyeitikia. Nilisikia mtu akiguna kwa hofu, kisha ile kelele ya bati ikaacha njia, ikaingia kwenye maharage, ikaendelea, ikapungua, ikanyamaza. Nilipoinua uso niliona njia tupu na mstari mrefu wa maharage yaliyolala.

Mama mkwe alikuja mbio, akanifunika kichwa kwa kanga yake, akanivuta nyuma ya nyumba. Hapo ndipo nilipoelezwa yale ambayo mume wangu alipaswa kunieleza tukiwa bado Iringa. Kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wanaita ukutila, maana yake kuogopa. Simwoni, hanioni, sikai alipokaa, sisemi naye, sitaji jina lake wala neno linalofanana na jina lake. Tukikutana njiani, mimi ndiye ninayetoka. Naingia majanini, nageuza mgongo, najifunika mpaka apite, naye kwa upande wake anatazama kando. Nikikosea, ni kuku, na maneno ya watu juu yake.

Nilimuuliza mama mkwe kama baba hakubatizwa. Akasema amebatizwa, tena kwa maji mengi. Mzee wa kanisa alikwisha kumwambia kwamba Wakristo siku hizi wanasalimiana na wakamwana wao bila shida. Baba mkwe akamjibu kwamba mzee wa kanisa azae kwanza watoto wa kiume, ndipo aje kuhubiri habari za wakamwana.

Shida kubwa kuliko zote ilikuwa jina. Sijalitamka tangu siku nitakayoieleza, na hapa sitalitamka. Lilitokana na neno lao la kusimama. Kwa hiyo katika boma lile sikuruhusiwa kumwambia mtu wala mnyama asimame, na mama mkwe akaongeza na neno la Kiswahili, kwa usalama. Ng'ombe akitoroka nilimkimbilia nikimwomba atulie, apumzike kidogo, afikiri. Ng'ombe hawakunielewa. Na huyo aliyeitwa kwa jina hilo ndiye mtu pekee katika upande ule wote ambaye hakuweza kusimama.

Baiskeli yake haikuwa na breki. Hazikuharibika. Alizifungua mwenyewe siku alipoileta nyumbani, ya mbele na ya nyuma, akazitundika ukutani, kwa sababu breki, alisema, zinakula rimu. Akitaka kupunguza mwendo alikandamiza gurudumu la mbele kwa katambuga, zile ndara za tairi la gari, na mahali pa tambarare ilitosha. Njia ya kutoka Mbeya kuja Mbalizi haina tambarare nyingi. Kila alfajiri alifunga kopo kubwa la maziwa kwenye keria akaisukuma baiskeli kwa miguu mpaka mjini, mpaka kwa wauza chai wa Mwanjelwa, na mchana aliteremka na kopo tupu. Waliosema debe tupu haliachi kuvuma walimjua mkwe wangu. Aliteremka katikati ya barabara, kwa kuwa pembeni kuna mawe, na hakupiga kengele, kwa kuwa kengele ni ya kuomba njia na yeye alikuwa amefikia umri wa kutoomba. Kuku walimjua, mbuzi walimjua, na madereva wa malori walimjua wakawa wanashika pembeni wao.

Mimi nilipata kazi ya ukunga kwenye zahanati ya baraza. Miezi sita ya kwanza nilikwenda kuzalisha kwa miguu. Katika miezi hiyo niliitwa kwa mama mmoja, juu kule kwa Wasafwa, nikafika nikakuta wanawake wamekaa nje kimya na mtoto wamemfunika. Mama mwenyewe alikufa jioni ile mikononi mwangu. Ningewahi kidogo tu, wote wawili wangeishi. Nilijua hivyo wakati ule na najua hivyo sasa, na sijapata dawa yake. Basi zahanati ilipopewa baiskeli, ya kike, nyeusi, breki mbili zinazobana na kengele inayosikika ng'ambo ya mto, nikaambiwa ni yangu maadamu naitunza, niliilaza ndani karibu na kitanda. Mume wangu alilalamika kwamba nimemletea mwanamume wa pili. Nilimwambia huyu wa pili halali Iringa.

Sasa fikiria. Barabara ni moja. Mchana mimi napanda kwenda kwa wagonjwa, yeye anateremka kutoka sokoni. Mwanamke anayetembea kwa miguu akimwona baba mkwe anapiga hatua mbili tu, yuko majanini. Mwenye baiskeli lazima abane breki, ashuke, ainyanyue baiskeli na sanduku lake la dawa, aivushe mtaro, ajifunike, ageuke, na wakati wote huo kopo linakuja. Nilijifunza kulisikia likiwa bado kona ya juu. Lakini siku moja upepo ulivuma kinyume, nikamkuta hatua ishirini mbele yangu, nikaona nafasi ya kushuka haipo. Niliingia mtaroni nikiwa bado nimekaa kwenye tandiko. Usukani ulipinda. Yeye alipita huku anatazama kando, kwa adabu kubwa, wala hakujua kilichotokea mpaka alipoambiwa nyumbani.

Mara ya pili nilijificha nyuma ya ng'ombe wa watu. Ng'ombe akasogea. Nikaruka na baiskeli na sanduku na heshima yangu yote kwenye kichaka cha miiba.

Baada ya hapo nikaanza kupiga kengele kila kona, ili ajue mkamwana wake yupo njiani. Nilijiona mwerevu. Kumbe nimeongeza tatizo, maana sasa alijua, na kila alipojua aligeuza uso akatazama mlima. Mwanzo alikuwa mtu asiye na breki. Sasa alikuwa mtu asiye na breki na asiyetazama mbele, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Baiskeli ya serikali ikiharibika inaandikwa. Mwandishi alikuwa karani wa baraza, mtu wa asili ya pwani, kanzu nyeupe siku zote, Kiswahili kilichonyooka, aliyetusikiliza sisi tukiongea chetu kama mtu anayemtazama mtoto akila udongo. Aliniuliza kwa nini nilianguka. Nikasema mtaro. Akauliza kama mtaro ulinifuata au niliufuata. Ningesema nini? Kumtaja baba mkwe mbele ya wanaume, ofisini, tena kwa kumshitaki, ni bora ningerudi Iringa kwa miguu siku ile ile. Akaandika kwamba nilianguka mwenyewe bila sababu. Mara ya pili akaandika hivyo hivyo, kisha akanisomea mstari mmoja wa nyongeza: ikitokea tena, baiskeli itapewa dresa wa zahanati, mwanamume, anayejua kuendesha. Dresa alikuwa anaitamani siku nyingi, ingawa ni ya kike. Yeye kazi yake ilikuwa kufunga vidonda vya watu waliokuja wenyewe kwa miguu yao.

Nilimwomba mume wangu aende kumwambia baba yake arudishe breki. Akakuna kichwa, akasema baba si mtu wa kuambiwa, akakumbuka ana safari ya Iringa.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa natoka kuzalisha ng'ambo ya mto, mtoto wa kiume, mnene, mama mzima, nami nilikuwa na furaha yangu. Kuna daraja pale Mbalizi, wakati ule lilikuwa la mbao, upana wa lori moja, na lori mojawapo lilikuwa limeng'oa ukingo wa upande mmoja. Nilivuka nikaanza kupanda. Nyuma yangu darajani wanawake walikuwa wanapita na mizigo kichwani, mgongo wameupa mlima, wanazungumza. Nikapiga kengele, kama kawaida yangu. Ndipo nikasikia kopo.

Lilikuwa linakuja kwa mwendo ambao sijawahi kuusikia. Akatokea kwenye kona, kofia imeshushwa, uso ameuelekeza mlimani kabisa, kwa sababu amesikia kengele na yeye ni mtu wa heshima. Mimi sikumtazama usoni, na kwa hilo mjomba na mama mkwe wangenisifu wote wawili. Nilitazama gurudumu la mbele. Lilikuwa limenyooka kuelekea darajani, upande ule usio na ukingo, na kati ya gurudumu na mto kulikuwa na wale wanawake.

Nafasi ya kuingia majanini nilikuwa nayo. Nataka hilo lieleweke. Ningeshuka, ningegeuka, ningejifunika, na hakuna mtu katika nchi ile ambaye angenilaumu, na baiskeli yangu ingebaki nzima. Wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nikajikwaa ulimi kwa makusudi. Neno lililonitoka lilikuwa lile lile, la kwao, la kusimama, yaani jina lake zima zima, mbele ya watu wa soko.

Halikusaidia kitu. Kumwambia asimame ilikuwa mwiko, na kusimama hakuweza. Alishtuka sana kuitwa jina na mkamwana wake hata akaondoa mguu kwenye gurudumu, na ule mguu ndio uliokuwa breki yake pekee. Basi nikageuza usukani nikamwingia ubavuni. Miaka yote nilifundishwa namna ya kuwakwepa waendeshaji wazembe, wala sikuwahi kufundishwa namna ya kumgonga mmoja kwa faida yake. Tuliacha barabara pamoja, baiskeli mbili, kopo moja na sanduku la dawa, tukaishia kwenye mahindi ya mtu, mita chache kabla ya daraja.

Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla sijajua kama bado nina miguu, nilivuta kanga usoni. Karibu nami nilimsikia mtu akipapasa ardhi kutafuta kofia, naye apate kujifunika. Tukalala hivyo, kila mmoja amefunikwa, kama mizigo iliyoanguka kutoka kwenye lori. Kisha akaugulia, na maumivu yale niliyajua kwa sauti tu: mtulinga, ule mfupa wa bega, umevunjika. Mwiko ni mwiko na kazi ni kazi. Nikamgeuzia mgongo, nikasogea kinyumenyume. Kopo la maziwa lilikuwa limelala kati yetu, limebonyea. Nikaliambia kopo:

"Kopo, mwambie baba asiinue mkono. Nataka kuufunga."

Kisha ile sauti nzito, ambayo tangu niolewe haijawahi kusema nami, ikasema:

"Kopo, mwambie afunge tu."

Nilipasua kanga yangu, nusu nikabaki nayo kichwani, nusu nikamfunga mkono kifuani, macho nimefumba, nikifuata mifupa kwa vidole. Alitetemeka, na sijui ilikuwa maumivu au woga wa kuguswa nami. Wanawake wa darajani walikuja kutazama. Mmoja alicheka mpaka akatua mzigo. Wanaume wakamchukua wakampeleka kwake, na nilipofunua uso niliona baiskeli yangu. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika kama ubua wa hindi. Chupa za dawa zilikuwa zimepasuka zote. Nililia pale kwenye mahindi. Goti langu lilikuwa limefumuka na bado halijapona mpaka leo, lakini siku ile hata sikulisikia.

Kuku wa kuosha jina nilimtoa jioni ile ile. Wiki iliyofuata niliitwa baraza, nikaambiwa nije na baiskeli kama ilivyo. Niliikokota kwa gurudumu moja, nikaiegemeza ukutani nje ya ofisi. Karani alikuwa amefungua jalada. Dresa naye alikuwepo, amekuja na pampu mkononi kabisa.

Karani akaniuliza sababu. Nikasema nilianguka. Akauliza kama ni kwa mara ya tatu bila sababu. Watu walikuwa wamemwambia mengi, akasema, lakini uvumi haandiki, anaandika kauli, na kauli yangu ni ipi? Nilikuwa nimekwisha kumwita mzee wa watu jina mbele ya watu wa soko. Nikimshitaki na ofisini, sina ndoa. Nisipomshitaki, sina baiskeli, na nilijua ni akina mama wa vijiji gani watakaokuwa wananisubiri na mimi niko njiani kwa miguu. Nilichagua kunyamaza na nikajichukia kwa kuchagua hivyo. Karani akachovya kalamu.

Hapo mtu akakohoa nje ya mlango wa mbele. Nilikitambua kikohozi. Nikavuta kanga kichwani, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikajibanza katika stoo ya majembe nikauegesha mlango. Karani alilalamika kwamba hajapata kuona ofisi ambayo mmoja akiingia mwingine anatoroka, akauliza hawa ni watu au ni panya na paka. Nilisikia katambuga zikiingia polepole. Alikuwa amekuja kwa miguu, mkono kifuani, na hakuna mtu aliyemwita.

"Baiskeli yangu haina breki," alisema. "Nilizitoaga mwenyewe. Zinakula rimu."

Karani akamuuliza ni nani aliyemgonga.

"Mtu."

"Mtu gani, mzee wangu? Unamjua?"

"Sijamwonaga sura. Mwaka wa nne huu."

Karani akasema, kwa upole, kwamba ushahidi juu ya mtu ambaye shahidi hajapata kumwona hauandikiki.

"Wewe andika," baba mkwe alisema. "Andika kwenye daraja kulikuwa na wanawake, na mimi natazama mlima. Yeye alikuwa na nafasi ya kukimbia, hakukimbia. Na ile mitaro ya siku zile, andika ni mimi. Ananikimbiaga mimi."

Nilisikia kalamu ikikwaruza, kisha ikaacha. Karani, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia na sisi, akamuuliza amejuaje basi kwamba ni yeye, kama hajapata kumwona.

"Kengele," alisema. "Mchana ikipita naisikiaga. Jioni nakaa nje mpaka irudi. Isiporudi, chakula silagi. Mke wangu ananiambia kula, yuko kwa wagonjwa huyo, atarudi. Silagi. Ni mtoto wangu."

Kwa miaka minne niliamini kwamba mtu yule anageuza uso kwa kuwa mimi ni balaa lililoingia bomani kwake kutoka Uhehe. Nilikuwa nimemtania kwa wanawake wenzangu, nimemwiga anavyokandamiza gurudumu, nimecheka. Nililia mle stoo, kanga nimeiuma kwa meno nisisikike, na nilitamani sana kufungua mlango nimwone. Sikufungua.

Karani aliandika muda mrefu. Alipomaliza alimwambia dresa aende nyumbani na pampu yake.

Baba mkwe akatoka. Baiskeli nilikuwa nimeiegemeza nje, chini ya dirisha la stoo ile ile. Nyayo zake zilifika pale zikaacha. Nikasikia mkono wa breki ukibanwa, ukiachiwa, ukibanwa tena.

"Baiskeli," alisema, kwa sauti ya kunifikia. "Mwambie mwenyewe, akisikia kopo, apite tu katikati ya barabara. Mimi nitashukaga."

Nilingoja mpaka sikusikia nyayo zake tena, kisha nikaenda kutafuta fundi wa kunyoosha gurudumu.